Nani Anamgeuza Bi Mkubwa?

Kisa hiki ni cha kufundishia. Watu wake nimewatunga ili asitafutwe mtu mtaani, ila yanayowakuta ni mambo ya kila siku, na yeyote aliyewahi kuuguza mgonjwa wa kitandani katika mtaa wenye misikiti mitatu na kigango kimoja atayatambua. Nimekiweka Fuoni, Unguja, Machi na Aprili 2025. Mwaka ule Ramadhani ilianza siku chache tu kabla ya Jumatano ya Majivu, siku ya kwanza ya Kwaresima, iliyoangukia tarehe 5 Machi, na mifungo miwili ikaenda bega kwa bega. Hilo peke yake lilileta mambo.

Ninachotaka tukitazame ni hiki: Mkristo akijitoa kumhudumia jirani Mwislamu, anatoa nini hasa? Muda na mikono tunavitaja haraka. Kuna kitu cha tatu ambacho wengi wetu hatukitoi hata siku moja, nacho ni haki ya kuamua huduma ile iende vipi.

Mgonjwa mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa. Mjane, amepita miaka 70, anakaa na mjukuu wa kike anayesoma sekondari; mwanawe wa pekee yuko Maskati, Oman. Kiharusi kilimlaza upande wa kushoto. Mkono na mguu havikumsikia tena, maneno yakawa ya kukokota, akili ikabaki timamu kabisa, na ulimi ukabaki mkali kama zamani. Njaa haikuwepo nyumbani kwake. Mtoto alituma pesa, na mwenyewe alikuwa akipata Pensheni Jamii, ile iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 2016 kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Alichokosa ni mtu wa saa nane mchana mpaka magharibi. Mjukuu yuko skuli, kisha tuisheni. Na majirani, ambao siku za kawaida huingia na kutoka bila hodi, mwezi wa Ramadhani saa hizo wote wamo jikoni: huyu anakuna nazi, huyu anamenya muhogo, yule tambi zimemshikia chini.

Pengo hilo likazibwa na fundi cherehani wa nyumba ya tatu, Mkatoliki, binti wa watu waliohamia Unguja kutoka bara, mwenyewe kazaliwa hapa. Mwenye kuijua biashara yake ataona mara moja alichokitoa. Ramadhani ndiyo mavuno ya fundi wa nguo Zanzibar. Magauni ya Idi hayasubiri. Mteja akiambiwa "njoo kesho" mara mbili anahamisha kitambaa. Kila alasiri aliyokaa kwa Bi Mkubwa ilikuwa kazi iliyopita barazani kwake ikaenda kwa mwenzake.

Hakutumwa na kanisa. Alianza kwa kupeleka uji, na siku ya kwanza tu Bi Mkubwa akauliza umepikwa kwa sufuria gani. Wengine wangenuna. Fundi akaurudisha uji kwake, akaja mikono mitupu, akapika jikoni kwa Bi Mkubwa, kwa sufuria na upawa wa Bi Mkubwa, na haikuwa tena habari. Pensheni alikataa kuishika hata alipoombwa; aliishika mjukuu. Mambo hayo mawili, sufuria na pesa, yalikuja kumwokoa baadaye, ingawa sidhani kama aliyafanya kwa kupiga hesabu. Alikuwa na adabu ya ujirani tu.

Ugumu wa kwanza ulikuwa wa kitabibu. Bi Mkubwa hakutaka kulala ila ubavu wa kulia. Kichwa mashariki, miguu magharibi, uso unaelekea kaskazini. Ukiwa Unguja Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja, kwa hiyo ukilala namna hiyo umeelekea kibla, na Bi Mkubwa alikuwa na hofu moja iliyozidi zote: kwamba mauti yatamkuta ghafla akiwa amepewa mgongo kibla. Mchana kutwa ubavu wa kulia, usiku ubavu wa kulia. Wiki ya pili ya Ramadhani, fundi alipokuwa akimuogesha, aliona nyongani pahala palipoiva. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Unachokiona ni doa jeusi zaidi, ukiliweka kiganja lina joto, na nyama yake ni ngumu kuliko ya pembeni. Ndivyo kidonda cha kulalia kinavyoanza. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya kama saa mbili, mgongo, kushoto, kulia, na shuka iwe kavu. Asipogeuzwa, kilicho chini ya ngozi kinaoza kabla ngozi yenyewe haijapasuka.

Jirani mmoja alimfokea: "Bi Mkubwa, utaoza!" Mpwa wake aliyekuja kutoka Pemba akamgeuza kwa nguvu, naye akalia hadi akarudishwa. Muuguzi wa kituo cha afya akaeleza vizuri sana juu ya damu kutopita kwenye nyama iliyobanwa. Bi Mkubwa akasikiliza, akasema, "Nimefahamu, mwanangu," akabaki ubavu wa kulia.

Fundi hakumbishia. Alimuuliza: "Bi Mkubwa, nani anajua hukumu ya mtu aliye kama wewe?" Akatajiwa ustadhi wa madrasa ya jirani. Akajifunga kanga, akaenda kumwita. Ustadhi akakaa kwenye kigoda mlangoni, akamweleza mzee kwamba asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu, na aliyeumia ubavu alale chali, nyayo zielekee kibla, kichwa kiinuliwe kwa mto ili uso uelekee huko huko. Na kwamba anayekutwa na mauti katika hali hiyo amekutwa ameelekea kibla. Nje ya sala alale atakavyo. Bi Mkubwa akauliza maswali mawili matatu ya kumjaribu, akaridhika. Jioni ile mjukuu, fundi na kijana wa duka la pembeni wakakizungusha kitanda, kichwa kikawa kusini na miguu kaskazini. Tangu hapo adhana zikawa saa ya kugeuzia: ikiadhiniwa Adhuhuri, chali, baada ya sala, kushoto, Alasiri, chali tena. Kati ya adhana na adhana mara nyingi pana zaidi ya saa mbili, kwa hiyo waliongeza zamu za kati wenyewe, lakini mgonjwa sasa alikuwa anadai kugeuzwa badala ya kukataa.

Hapa ndipo ninapomtaka msomaji akae kidogo. Fundi alikuwa na Maandiko yake. Angeweza kumwambia Bi Mkubwa kwamba Mungu haangalii upande wa kitanda, na kwa imani yake fundi asingekuwa anadanganya. Lakini angekuwa anatibu nyonga kwa kuitikisa nguzo pekee aliyobaki nayo yule mzee. Yohana 21 ina maneno aliyoambiwa Petro: ulipokuwa kijana ulijifunga mwenyewe na kwenda utakako, utakapokuwa mzee utanyosha mikono yako, na mwingine atakufunga na kukuchukua usikotaka. Tumezoea kuyasoma kama utabiri wa kifo cha shahidi, na ndivyo mwinjili mwenyewe anavyoyaeleza. Kwa anayeuguza wazee, aya ile inamtazama pia yule "mwingine". Ukishakuwa na nguvu ya kumpeleka mtu asikotaka, huruma yako inapimwa hapo.

Na mhudumiwa hakuwa wa kupokea tu. Bi Mkubwa hakuweza kufunga, na ugonjwa wake si wa kutegemea kupona akalipa baadaye, kwa hiyo alikuwa akitoa fidia: kibaba cha mchele kwa maskini kwa kila siku ya Ramadhani. Aliupima mwenyewe kwa mkono wa kulia, akamtuma mjukuu. Siku mjukuu alipochelewa alimtuma fundi. Fundi, aliyefunga Kwaresima yake, akabeba mchele wa fidia ya Mwislamu mpaka kwa mjane wa uchochoroni. Sijui kama walicheka. Mimi ningecheka.

Halafu ikaja picha.

Jumuiya ndogo ndogo ya fundi, kundi la Wakatoliki wa mtaani wanaosali pamoja, ilikuwa inakusanya mfuko wa Kwaresima. Wenzake walishaanza kunung'unika kwamba haonekani Ijumaa kwenye ibada ya Njia ya Msalaba. Alipowaeleza sababu, wakafurahi kupita kiasi: wakaamua mfuko uende kwa Bi Mkubwa, na wawili wakaja na sabuni, mafuta na shuka. Wakati wanaondoka mmoja akapiga picha kwa simu. Fundi ameinama kitandani, rozari imetoka shingoni inaning'inia, Bi Mkubwa kafumba macho. Ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya na maneno ya kusifu matendo ya huruma. Kabla ya Isha picha ilikuwa Maskati.

Mtoto akapiga simu kwa mpwa: mama yangu anabatizwa kitandani?

Ni rahisi kusema familia ile ilikuwa na chuki. Mimi sikubali, na anayeijua historia ya visiwa hivi asikubali upesi. Wamisionari wa Kikatoliki walipoanza kazi Unguja miaka ya 1860 walikomboa watoto watumwa, wakawalea na kuwabatiza. Mwaka 1868 wakaanzisha misheni Bagamoyo na watoto wengi wakapelekwa huko. Waanglikana wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati, walifika 1864, na watoto walionaswa na meli za Kiingereza kwenye majahazi ya watumwa walikabidhiwa kwao, wavulana Kiungani, wasichana Mbweni. Soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa 1873, Kanisa Kuu likajengwa papo hapo. Wema ule ulikuwa wa kweli, uliokoa roho za watu na hakuna haja ya kuuonea haya. Lakini mtoto asiye na kwao, anayelishwa, kuvishwa na kusomeshwa na misheni, hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa maji ya ubatizo. Kumbukumbu hiyo imebaki: mkono wa kanisa ukitoa sabuni, unatafuta nini kwa mkono wa pili? Upande wa Wakristo nako kuna kidonda chake. Makanisa yalichomwa 2012, na Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi alipokuwa anakwenda kuadhimisha Misa. Picha moja ya simu inaangukia juu ya yote hayo.

Mpwa alimjia fundi na adabu zote. "Dada, tunakushukuru kwa wema wako. Ila sasa basi, tuachie mgonjwa wetu." Fundi akaomba jambo moja tu, akae na mjukuu na jirani mmoja amwonyeshe namna ya kugeuza na kulisha. Mpwa akasita, wakakubaliana waende kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Kwenye baraza ya sheha ustadhi naye aliitwa, akaulizwa kama inafaa asiye Mwislamu kumuogesha mwanamke wa Kiislamu. Akajibu kuwa mgonjwa ni dharura, akaongeza kuwa yeye ameingia nyumba ile mara kadhaa na alichomwona huyu fundi akifanya ni kuja kumuuliza yeye habari za kibla. Suala la sufuria likatajwa, la pensheni likatajwa. Yote mawili hayakuwa na neno. Hata hivyo mpwa akashikilia msimamo: mpaka mwana wa Bi Mkubwa arudi kutoka Maskati, fundi asiingie. Sheha akaona familia ina haki. Fundi akasema sawa.

Alasiri ile akafundisha. Mgonjwa wa kiharusi haanzishwi na maji. Akipaliwa yanaingia mapafuni. Mkalishe wima kabisa, uji uwe mzito, kijiko kidogo, kipitie upande wa mdomo unaofanya kazi, subiri ameze, mtazame koo, kisha kijiko kingine. Usimvute mkono wa kushoto unapomgeuza, bega litachomoka. Shika kiuno na bega kwa pamoja. Mto mdogo kati ya magoti. Visigino viangalie kila siku. Mjukuu akaandika kwenye daftari la skuli. Jirani aliyewahi kumfokea Bi Mkubwa akashika zamu ya alasiri, na mama yake akabaki na futari peke yake jikoni.

Fundi akarudi kwenye cherehani.

Wakristo kadhaa niliowasomea kisa hiki wanaudhika hapa. Wanaona ameonewa, tena bila kosa lake, na wanataka apiganiwe: padri aende kwa sheha, jumuiya ieleze ukweli. Wengine wanasema ameshindwa. Nawakumbusha Msamaria wa Luka 10. Alimwaga mafuta na divai, akambeba mtu kwenye mnyama wake, akakesha naye usiku mmoja. Asubuhi akatoa dinari mbili, akamkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, akaendelea na safari. Hakukaa mpaka ashukuriwe. Bwana anamtaja kuwa ndiye jirani, na hatujui kama majeruhi aliwahi kumjua hata jina. Mtakatifu Charles de Foucauld, aliyetangazwa mtakatifu Mei 2022, aliishi miaka mingi kati ya Watuareg Waislamu wa jangwani Algeria mpaka alipouawa tarehe 1 Desemba 1916, na kwa hesabu ya waongofu karibu hana cha kuonyesha. Sala ya kujiachilia mikononi mwa Baba, inayojulikana kwa jina lake, husaliwa sana mafungoni kwetu. Tunaomba Mungu atufanyie apendavyo, halafu mpwa wa mtu akituambia "sasa basi" tunatafuta wakili.

Kujiachilia kwa Mungu kunapitia mikononi mwa watu. Kwa fundi kulipitia kwa mpwa aliyekosea juu yake. Sisemi dhuluma ivumiliwe kila mara. Ingekuwa mgonjwa anaachwa na njaa, kunyamaza kungekuwa dhambi. Lakini hapa mgonjwa alikuwa na watu, na waliokuja baada ya fundi walikuja kwa sababu yeye ametoka. Tuseme kweli: kabla ya hapo majirani walikuwa wameegemea wema wake. Na kidonda kilikauka mikononi mwa yule jirani wa futari.

Kosa, basi, lilikuwa wapi? Kwenye picha, na nyuma ya picha kwenye hamu ya jumuiya kujiona inafanya huruma. Mathayo 6 iko wazi juu ya mkono wa kushoto kutojua ufanyalo mkono wa kuume. Nadhani pia manung'uniko ya Njia ya Msalaba yalichangia: walimdai fundi ushahidi wa alasiri zake, na picha ikawa ushahidi. Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar tangu 1908 hadi kifo chake 1924, aliwaambia Waanglikana waliokusanyika London mwaka 1923 kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu katika tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi kanisani, kama hawamhurumii Yesu katika mitaa ya mafukara. Aliwaambia watu waliopenda ibada nzuri, na yeye mwenyewe aliipenda mno. Jumuiya ya Fuoni ilihitaji kusikia sentensi hiyo Ijumaa ya kwanza, kabla ya kumuuliza mwenzao yuko wapi.

Mwana wa Bi Mkubwa alikuja baada ya Idi na godoro la upepo. Akawashukuru majirani wote kwa pamoja, akarudi Maskati. Fundi hakutajwa, wala hakuzuiwa tena. Siku hizi anaingia kama wengine, mara mbili tatu kwa wiki, akimaliza kazi.

Liko bado pingamizi moja, la mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na si la kupuuzwa. Anasema: kama hatulitaji jina la Yesu, tofauti yetu na shirika lolote la misaada ni ipi? Fundi amegeuza mzee kibla, amebeba fidia, amemwita ustadhi. Injili iko wapi?

Nilimjibu kwa 1 Petro 3:15, tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na kwa hofu. Atuulizaye. Na fundi aliulizwa. Ilikuwa kabla ya picha, siku ya kuzungusha kitanda. Bi Mkubwa alimwambia, "Wewe una magauni ya watu. Kwa nini unakuja?" Fundi akamjibu kwamba Yesu amesema nilikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama. Bi Mkubwa akanyamaza kidogo, akasema na wao wanayo hadithi aliyoipokea Abu Huraira, kwamba Mwenyezi Mungu siku ya Kiyama atamwambia mja, niliumwa na hukuja kunitazama, naye atauliza, vipi nikutazame nawe ni Mola wa viumbe? Ataambiwa: fulani mja wangu aliumwa, hukumtazama, ungekwenda ungenikuta kwake. "Basi," akamwambia fundi, "huo mto umekaa vibaya."

Mama wa WAWATA anaona jibu la fundi lilikuwa fupi mno. Jumuiya imekubali picha zisipigwe tena na mfuko wa Kwaresima ujao upitie kwa familia ya mgonjwa yenyewe, bila kutembelewa kwa kundi. Yeye amepiga kura ya hapana, na ameomba hoja yake iandikwe kwenye daftari la mkutano. Imeandikwa.